Goma: mji uliotuchekesha na kutunyamazisha



Sisi wanafunzi tuliotoka Goma tulitunga mchezo wa kuchekesha kuhusu historia ya mji wetu, tukauigiza hapa kambini, Uganda. Siku ya mazoezi mzee mmoja alituuliza: "Watu walikufa, nyie munacheka nini?" Tulikosa jibu. Basi tukarudi kwenye historia yenyewe.

Goma iko kati ya Ziwa Kivu na mlima Nyiragongo, na mlima ule haukai kimya. Ulilipuka 1977. Tarehe 17 Januari 2002 ulilipuka tena, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Watu laki kadhaa walikimbilia Gisenyi, Rwanda. Baada ya siku chache wengi walirudi, wakikanyaga mawe ambayo bado yana joto. Nyumba nyingi zikajengwa juu ya mawe hayohayo. Mei 2021, mlima ukarudia.

Kwenye mchezo, mlima ni mtu aliyejifunga shuka jekundu. Analalamika: "Miye sikufukuza mutu. Ni nyiye mulijenga mu njia yangu!" Halafu anatokea bibi juu ya tshukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, amekaa na godoro, mbuzi na sufuria ya maharagwe anayokataa kuiacha. Jamani, watu walicheka!

Shida ilikuwa 1994. Julai ya mwaka ule, Wanyarwanda zaidi ya laki tano waliingia Goma kwa siku chache tu, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Hapa kambini Wanyarwanda ni majirani zetu. Tukakubaliana: pale hakuna utani. Tulifunga kamba iwe mpaka, waigizaji wakavuka kutoka Gisenyi kuja Goma, kimya, na majerikeni matupu.

Kisha ikafika 2002. Waigizaji walewale wakageuka, wakavuka kurudi upande ule mwingine. Askari wa mpaka, yuleyule, akakuna kichwa: "Tena? Leo munaenda wapi?" Waliocheka kwanza ni akina mama wa Kinyarwanda. Mzee wetu naye akacheka, akafuta macho.

Hapo tukapata jibu letu. Hatukuwacheka waliokufa. Tulicheka kwa sababu kwenye kamba ile kila mmoja alijiona: leo mwenyeji, kesho mgeni. Watu hapa hutuita "wakimbizi" kana kwamba ni kabila letu. Kumbe Goma ilipokea wakimbizi kabla sisi hatujazaliwa.

Sehemu ya Januari 2025, vita vilipoingia mjini, bado hatujaiandika. Baadhi yetu tulikimbia wakati ule. Tukijaribu, tunanyamaza.

Na wewe, mji wenu mungeuigiza vipi? Tuandikie.