Rangi Kidogo juu ya Saki ya Unga

Tukizungumza juu ya wachoraji wa Lubumbashi, wengi wetu tunataja picha zenyewe: Mamba Muntu, Colonie Belge, Lumumba. Ni mara chache mtu kuuliza rangi ilitoka wapi na ilitosha namna gani. Kwetu sisi swali hilo nalo ni la historia, maana fundi mwenye mikebe mitatu hachori sawa na mwenye mikebe ishirini.

Zamani rangi haikuwa na bei. Kwenye kuta za nyumba walichora kwa pemba, ule udongo mweupe, kwa udongo mwekundu na kwa makaa. Ikiisha, unaenda kuchimba ingine. Mambo yalianza kugeuka Bukama mwaka 1926, wakati Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya Wabelgiji, alipoona kuta zilizochorwa akampa Albert Lubaki, mchonga pembe, karatasi na rangi za maji. Michoro ile ilifika Brussels ikaonyeshwa mwaka 1929. Ukiitazama unaona mtu, mnyama, muti, na karatasi nyeupe kubwa imebaki tupu. Wazungu waliipenda ile nafasi tupu kama mtindo. Pengine ni mtindo kweli. Lakini rangi ya dukani ilikuwa imeingia, na rangi ya dukani inakwisha.

Hapa mjini, wakati bado unaitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua warsha yake ya Hangar mwaka 1946. Kila fundi alikuwa na mkono wake. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi, Pilipili Mulongoy alitandaza nukta na majani nyuma ya ndege na samaki, naye Bela Sara alichora kwa vidole. Hatusemi Bela alifanya hivyo kwa kubana rangi. Ila kila aliyeshika pinso anajua kwamba nywele zake zinakunywa rangi nyingi, na unapoiosha, rangi hiyo inaenda na maji. Kidole hakinywi kitu.

Basi tufike kwa wale ambao wazazi wetu waliwanunulia picha za kutundika sebuleni, miaka ya 1960 na 1970. Hawa hawakuwa na warsha ya Mzungu. Walichora juu ya saki ya unga iliyofunguliwa na kupigiliwa kwenye fremu ya mbao. Saki ni kitambaa chenye kiu. Ukiweka rangi nzuri moja kwa moja, inapita hadi upande wa pili na pesa yako imepotea. Kwa hiyo kwanza ilipakwa rangi rahisi ya ukuta, mara nyingi nyeupe, ikaachwa ikauke.

Hapo ndipo ufundi wa kuchanganya unaanza, na tunataka kuuandika vizuri kwa sababu vijana wetu wanaukosea. Anza na rangi iliyo hafifu, halafu tia ile kali, tone kwa tone. Ngozi ya Mamba Muntu ni nyeupe nyingi, nyekundu kidogo na manjano kidogo zaidi. Ukianza na nyekundu, utamwaga nyeupe juu yake hadi mukebe uishe, na bado mwanamke wako ataonekana amechomwa na jua. Buluu ya ziwa ni vilevile. Nyeusi ndiyo mwizi kabisa: ncha ya kijiti inatosha kuharibu kifuniko kizima cha nyeupe.

Kijiti tunakitaja kwa makusudi. Rangi haimwagwi kutoka mukebe. Ukiimwaga, nusu inabaki kwenye mdomo wa mukebe, inakauka, na kesho kifuniko hakifungi. Hewa inaingia, na juu ya rangi inaota ngozi. Chovya kijiti, acha kidondoshe kwenye kifuniko cha chupa, kisha futa kijiti ukingoni mwa hicho kifuniko, si mwa mukebe. Rangi uliyokwisha kuipunguza makali usiirudishe kwenye mukebe. Nyingine inapunguzwa na maji, nyingine na tarpentini au esanse, na hizo mbili haziolewani hata siku moja.

Halafu kuna hesabu ya picha nyingi kwa pamoja. Wanunuzi walitaka picha zilezile, zile walizoziita ukumbusho, na kwa fundi hilo lilikuwa faida. Katika Colonie Belge, mfungwa anayechapwa amevaa mistari ya manjano na nyeusi. Bendera ya Ubelgiji ni nyeusi, manjano na nyekundu. Fundi akichanganya manjano mara moja, anapita nayo kwenye saki tatu nne, nguo ya mfungwa na bendera pamoja, kabla haijakauka. Wataalamu wameandika mengi juu ya maana ya kurudia picha, na wana haki. Sisi tunaongeza tu kwamba manjano iliyobaki kwenye kifuniko nayo ilikuwa na neno lake. Mabaki ya rangi zote yakichanganywa yanatoa kijivu cha matope, na kijivu hicho ni barabara, ni ukuta wa gereza.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, ndiye aliyeifikisha kazi hii mbali. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, na akazieleza kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Kitabu kilitoka mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Picha zile ziko Amsterdam, na nyingine nyingi za mafundi wa hapa ziko Tervuren. Mtoto wa Katuba anayetaka kuona namna muzee wa mtaani mwake alivyochora kifo cha Lumumba anahitaji viza.

Hilo linatuuma. Zile zilizobaki mjini zinaharibika ndani ya nyumba, na sababu moja ni uchache uleule wa rangi. Rangi iliyopunguzwa sana inabaki na gundi kidogo. Inakuwa unga, na ukiipitisha kidole inatoka. Ilipokuwa nene juu ya saki laini, inapasuka kila kitambaa kinapokunjwa. Tumekuta picha zimekunjwa mara nne chini ya godoro, na kwenye kila mkunjo hakuna rangi tena, kuna saki tu na herufi za kinu cha unga.

Basi ukiwa na picha ya baba au ya nkambo, usiioshe kwa sabuni, wala usiipake mafuta ili ing'are. Iache kwenye fremu yake, mbali na moshi wa mbabula na jua la dirisha. Kama fremu imekufa, izungushe juu ya bomba pana, upande wenye rangi ukiwa nje, na katikati uweke karatasi safi, isiwe gazeti. Na kabla ya yote, andika nyuma, kwa penseli, jina la aliyeichora na mtaa aliokaa.