Breki ya Ringi, Si ya Rimu

Mtoto wa Songea aliyewahi kuokota ringi kuukuu ya baiskeli na kuisukuma kwa kijiti kutoka Majengo hadi Mfaranyaki anaijua ringi vizuri. Anajua ina mfereji katikati, anajua ikipinda inayumba na kumponyoka, anajua ubavu wake ukilowa kijiti kinateleza. Ndiyo maana nashangaa kuona watafsiri wa maandishi ya ufundi wakihangaika na istilahi ambayo mtoto huyo alishaimaliza.

Kinachozungumzwa ni breki inayolikamata gurudumu kule nje, karibu na tairi. Haikamati kwenye habu, katikati ya gurudumu, wala haina sahani ya chuma pembeni kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi za siku hizi. Unaweza kuiandika "breki ya rimu", lakini kwetu rimu ni karatasi 500, ile ambayo mzazi anaiona kwenye orodha ya mahitaji ya shule. Unaweza kuiandika "breki ya ukingo". Ukingo ni wa mto, wa shimo, wa bakuli. Na kwenye ringi yenyewe ukingo ni ule mdomo unaoshikilia tairi, mahali ambapo raba ya breki ikipanda, itakula tairi hadi tyubu ichungulie. Mpenda usafi wa lugha naye atataka "kizuizi". Kizuizi tunakijua: kiko barabarani, kina askari. Neno breki tumeshalifanya letu. Tunaifunga breki, tunaishika, na siku mbaya inakataa. Ringi nayo ni ya kigeni, lakini ndiyo inayotajwa pale chini ya mwembe anapokaa fundi baiskeli. Basi: breki ya ringi.

Sigombanii neno kwa ajili ya neno. Istilahi hii inamwambia mwenye baiskeli jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba ringi ni nusu ya breki. Watu hubadilisha raba, hubadilisha waya, hukaza mkono wa breki hadi vidole viume, na ile nusu ya pili hawaiangalii kamwe.

Chukua mtu, baiskeli na mzigo, jumla kilo 120, anateremka kutoka upande wa Matogoro, milima unakoanzia mto Ruvuma, kuja mjini. Kwa kila mita 100 za kimo anazoshuka, nishati ya mteremko ingetosha kuchemsha theluthi moja ya lita ya maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na barabara. Akienda taratibu huku amebana, karibu yote inaishia kwenye raba na ringi. Ishike ringi ukifika chini, utaelewa. La, usiishike.

Sasa ringi yenyewe ni ya nini? Phoenix na baiskeli nyingine nzito za aina hiyo zina ringi ya chuma iliyong'arishwa kwa kromu. Inavumilia mashimo na magunia, lakini ikilowa raba huteleza juu yake kama mguu juu ya sabuni. Mimi nililipata somo hilo mwezi Machi, katikati ya masika, nikiwa na mahindi nyuma. Nilibana, baiskeli ikaendelea na safari yake kana kwamba sijasema kitu, na aliyenisimamisha ni mabingobingo ya kando ya njia. Uingereza walijaribu kuziba pengo hilo kwa raba zenye ngozi usoni. Dawa iliyoshinda ni ringi ya aluminiamu: maji hufutwa katika mizunguko michache ya gurudumu, kisha raba inashika.

Breki ya Phoenix ina jambo lingine. Vyuma vyake huvuta raba dhidi ya uso wa ringi unaotazama habu, haibani ubavuni. Ndiyo sababu ringi iliyopinda kidogo bado inashikwa. Na ndiyo sababu usimwambie fundi akufungie breki za kisasa za kubana kwenye ringi ile ile: ubavu wake ni wa mviringo, raba haina pa kukaa.

Baiskeli za mtumba za aluminiamu huja na breki za kubana. Zipo za kantileva, ambazo mimi naziita breki za viwiko: mikono miwili mifupi iliyotanuka pande za foki, ikiunganishwa juu ya tairi na waya uliokaa kama pembetatu. Hizi ndizo zilizotawala siklokrosi, mbio za baiskeli za matopeni zilizoanzia Ufaransa, ambako ubingwa wa kwanza wa taifa ulifanyika mwaka 1902. Zilipendwa kwa sababu tope lilipita kati ya tairi na breki bila kukwama. Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kikaruhusu breki za diski, zile za sahani ya chuma, kwenye mbio hizo, na viwiko vikaanza kurudi nyuma. Zipo pia breki za V, zilizoletwa na Shimano ya Japani mwaka 1996, mikono yake mirefu na imesimama wima.

Kwa mtu wa Lizaboni au Msamala anayekwenda kazini kila siku, nachagua V juu ya ringi ya aluminiamu. Zina nguvu, na raba zake hubadilishwa kwa ufunguo mmoja. Sharti ni moja: mkono wa breki wa kwenye usukani uwe wa V. Mkono wa viwiko huvuta waya kidogo. Ukiufunga kwenye V, utagusa usukani kabla raba haijabana sawasawa. Ukigeuza, mkono wa V kwenye viwiko, utahisi ugumu mkononi na baiskeli haitasimama.

Tope letu jekundu lina mchanga, na mchanga hula aluminiamu. Pitisha ukucha ubavuni mwa ringi kila mwezi wa mvua. Ukikuta pamebonyea kama sahani, usisubiri. Ukuta ule ndio unaozuia upepo wa tairi usiipasue ringi ukiwa mteremkoni.

Wahariri wa kamusi, chini ya herufi B, nawaomba muandike "breki ya ringi". Mkiwa na shaka, muulizeni yule mtoto mwenye kijiti.