Windows iliyofutwa: historia ya laptopu zinazopita Busia na Tororo

Vijana wenzetu mlio kambini, mlio Kampala, mlio Nairobi, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila hata kulaiki (tunawaona), leo tunaleta historia ya kitu ambacho karibu kila wiki kuna mtu anatuuliza. Swali lenyewe ni hili: laptopu ilifutwa, ikawekwa mfumo mwingine. Nitairudishiaje ule iliyotoka nao kiwandani?

Watu wanadhani hilo ni swali la fundi tu. Sisi tunasema ni la historia kwanza, kwa sababu jibu linategemea mashine ilitengenezwa mwaka gani na imepita mikono mingapi kabla ya kufika kwako. Na mashine nyingi tunazozishika hapa zimepita mahali pamoja.

Angalia ramani. Mzigo unaoshuka Mombasa ukielekea Kampala, Juba, Kigali au Bunia, mara nyingi unavuka kwa mlango mmoja kati ya miwili: Malaba, hapa jirani na Tororo, au Busia. Reli ilipita Tororo tangu miaka ya 1920. Mpaka wenyewe nao si wa kale kama tunavyodhani. Hadi 1902 nchi yote kutoka hapa mpaka karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza wakapiga mstari kwa kalamu, mkoa ukahamia upande ambao leo ni Kenya, na Wasamia na Wateso wakabaki na ndugu pande zote mbili. Ndiyo maana kuna Busia mbili, na mama anaweza kuuza nyanya upande huu na kulala upande ule. Tangu Februari 2018 kuna kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri anamaliza mambo yake ya nchi zote mbili sehemu moja.

Watu pia wamepita hapa, tena pande zote mbili. Wakati wa Amin, Waganda walikimbilia mashariki. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya kutangazwa mwisho wa Desemba 2007, Wakenya kwa maelfu walivuka Busia na Malaba kuja magharibi, na kambi ikafunguliwa Mulanda, wilaya ya Tororo. Baadaye wengi walipelekwa Kiryandongo. Tunaikumbusha hii kwa sababu kuna vijana wanafikiri mkimbizi ni Mkongomani au Msudani Kusini tu. Mulanda ilikuwa ya Wakenya, bana.

Sasa turudi kwenye mashine.

Kompyuta nyingi za kwanza kufika kwa watu wa kawaida huku zilikuwa mitumba, zimetumika ofisini Ulaya, zikasafishwa, zikapewa shule au zikauzwa. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na ilikaa huku muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Intaneti ilikuwa ya setilaiti, ghali na polepole. Waya wa kwanza wa baharini kuwashwa pwani yetu ya mashariki, ule wa SEACOM, ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo nani angepakua mfumo mzima? Mfumo ulisafiri kwa sidii. Fundi alikuwa na sidii moja ya XP, imechorwa kwa kalamu ya rangi, na hiyo hiyo aliiweka kwenye kila mashine mjini, kwa ufunguo ule ule mmoja. Mashine ilikuwa na karatasi yake chini, imebandikwa kiwandani, yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Hakuna aliyeisoma. Joto na jasho la mapaja vikaifuta pole pole.

Hapo ndipo Ubuntu nayo iliingia. Ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lile lile tunaloliita sisi utu. Kilichowashangaza watu ni kwamba waliomba sidii wakaletewa kwa posta bure, bila senti. Huduma hiyo ilifungwa 2011, lakini kwa miaka ile kadhaa ilikuwa ndiyo njia halali ya kupata mfumo mzima bila intaneti. Na mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Faili, hariri, chapa, yote kwa lugha yetu! Sisi tunaona watu wa mradi ule hawajasifiwa vya kutosha.

Kwa hiyo shule na vituo vya vijana vikawa na mashine zilizofutwa XP na kuwekwa Ubuntu. Wengine walifanya hivyo kwa sababu ya leseni, wengine kwa sababu ya virusi, maana flashi moja kutoka saiba ilitosha kuua maabara nzima. Na wapo waliokwenda kinyume. Mwaka 2007 Asus walitoa laptopu ndogo sana, Eee PC, iliyotoka kiwandani na Linux. Wengi walioinunua waliifuta wakaweka XP. Kwa mashine hiyo, mfumo wa awali ni Linux, siyo Windows. Tunasema hivi kwa sababu kila anayetuletea laptopu anauliza, “Iko na Windows ya kwake?” kama vile kila mashine ilizaliwa nayo.

Halafu ikaja sheria. Katika bajeti ya Juni 2009, serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku kuingiza friji, televisheni na kompyuta zilizotumika. Sababu ilikuwa taka: hawakutaka nchi iwe jalala la vyuma vya wengine. Fikiria maana yake kwa mji kama Busia, ambako duka na duka wanatazamana lakini kila moja lina sheria zake. Hatutasema mengi hapo. Wakazi wanaelewa.

Wakati huo watengenezaji walikuwa wameshaacha kutoa sidii ndani ya boksi. Badala yake walificha nakala ya mfumo ndani ya diski yenyewe, kwenye chumba cha pembeni ambacho mtumiaji haoni. Unawasha mashine, unabonyeza F11 kwa HP, Alt na F10 kwa Acer, F9 kwa Asus, na mfumo wa kiwandani unajijenga upya. Ilikuwa nzuri sana, ila kwa tatizo moja. Ukiweka Linux na ukachagua kufuta diski yote, kile chumba kinafutwa pia, na nakala imekwenda. Laptopu nyingi za kati ya 2005 na 2012 zilipoteza asili yake namna hiyo, kwa kubonyeza mara moja. Vilevile diski ikifa na kubadilishwa, chumba kinakwenda nayo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Windows 8, Oktoba 2012, na hapa tunaomba msome taratibu maana ndipo watu wanapoliwa pesa. Tangu wakati huo, mtengenezaji anaandika ufunguo ndani ya mashine yenyewe, kwenye ubao mkuu ambao mafundi wanauita mazabodi. Hauko kwenye diski wala kwenye karatasi. Ukiweka Ubuntu, ukafomati mara kumi, ukabadilisha diski, ufunguo uko pale pale. Kitu pekee kinachouondoa ni kubadilisha ubao wenyewe. Ile karatasi ya chini nayo ilibaki alama tu, haina tena zile tarakimu. Basi watu wakaona hakuna namba, wakaamini hakuna leseni, wakanunua ufunguo wa kijana wa mtaani ambao baada ya wiki kadhaa unakataa. Walikuwa wameshalipia leseni ile siku laptopu ilipouzwa mpya, yaani mnunuzi wa kwanza aliwalipia.

Kama sasa hivi unatumia Ubuntu, unaweza kuusoma. Fungua dirisha la amri, andika:

sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM

Ikitokea mistari na mmoja ni vifungu vitano vya herufi na tarakimu, huo ndio ufunguo. Unakili kwenye daftari, usiupige picha na kuuweka kwenye stetasi (tumeona). Ikisema faili haipo, basi mashine ni ya zamani, au ilizaliwa bila Windows, au ubao ulibadilishwa.

Ukishajua hivyo, kazi iliyobaki ni ya mikono. Pakua faili ya Windows kutoka tovuti ya Microsoft wenyewe. Ukiingia kwa Linux, ukurasa unakupa faili nzima moja kwa moja. Ni gigabaiti zaidi ya nne, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya kituo, bando la siku halitoshi. Flashi iwe ya gigabaiti 8 au zaidi. Usiinakili faili tu kwenye flashi ukadhani itawaka. Tumia Ventoy, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya Linux. Chagua toleo lile lile lililotoka kiwandani: ufunguo wa Home hauamshi Pro. Mashine iliyozaliwa na Windows 10 au 11 mara nyingi inajisomea ufunguo bila kukuuliza, na ukiunganisha intaneti inajitambulisha yenyewe.

Lakini kabla ya hayo yote, jamani, hamisha vitu vyako. Kurudisha mfumo wa awali kunafuta kila kitu kilichopo. Kwa mtu mwingine hizo ni nyimbo na filamu. Kwa sisi ni skani ya cheti cha shule ambayo shule yenyewe haipo tena, ni barua ya hadhi ya ukimbizi, ni fomu ya udhamini iliyojazwa nusu. Dada mmoja wa kwetu alikuwa na picha tatu tu za baba yake, zote ndani ya laptopu ya msaada. Fundi alitaka kuanza kazi pale pale kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Dada akasema hapana, akakaa na kunakili faili moja moja kwenye kadi ya simu kwa sababu flashi hakuwa nayo. Ilichukua mchana kutwa. Wale waliokuwa nyuma yake walinung'unika sana, na sisi tulikuwa upande wake.

Swali ambalo vijana wanalikwepa ni hili: je, kila mashine irudishiwe ya kwake? Sisi tunasema hapana. Microsoft waliacha kuitunza XP Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu iliyozaliwa na Windows 7, ukiirudishia asili yake leo, umeipeleka kwenye nyumba isiyo na milango. Hiyo ibaki na Linux, itafanya kazi miaka mingine. Windows 11 nayo inataka mashine mpya kiasi, zile za Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo nyingi za mitumba zinaachwa nje. Ila kama kozi yako ina programu ya uhasibu au ya mtihani isiyokubali Linux, na mashine yako ina ufunguo wake ndani na inaweza kupokea Windows 11, irudishie. Usione aibu. Kuna watu wa kompyuta wanaomdharau anayetoka Linux kurudi Windows, kana kwamba amehama dini. Mtu anatafuta kazi, mwacheni.

Neno moja kwa wafanyakazi wa mashirika. Laptopu zinazokuja kwenye makatoni, zimefutwa na kuwekwa mfumo wowote mliochagua, zinatufikia bila historia yake. Hatujui ilizaliwa na nini, na mwenye kugawa naye hajui. Kabla hamjafuta, andikeni kwenye kikaratasi: modeli, mwaka, toleo la Windows lililokuwemo, kama ubao umebadilishwa. Gundisheni ndani ya kifuniko cha betri au wekeni kwenye bahasha pamoja na chaja. Ni dakika mbili kwa mashine. Kijana akipewa mashine yenye kikaratasi hicho anaokoa pesa ambayo angempa mtu wa funguo feki.

Jumamosi tutakuwa na flashi mbili zenye Windows 11 na moja yenye Ubuntu. Njoo na chaja yako, na njoo na mahali pa kuhifadhi faili zako. Wa kutoka upande wa Kenya, msisahau kitambulisho, maana kuvuka bila karatasi ni matatizo yako na askari, sisi hatutaweza kukusaidia.