Safari ya Rheticus

Mwaka 1539, Georg Joachim Rheticus, mwalimu wa hisabati katika mji wa Luther, Wittenberg, alifunga safari hadi Frombork, katika Poland ya leo, kuonana na Nicolaus Copernicus, kanoni wa Kanisa Katoliki. Tofauti ya madhehebu haikuwazuia kujadiliana hadi mwaka 1541 juu ya hoja kwamba dunia hulizunguka jua. Rheticus alimshawishi mzee huyo akubali kitabu chake kipigwe chapa, nacho kikatoka Nuremberg mwaka 1543. Huko mchungaji Mlutheri, Andreas Osiander, akihofia upinzani wa wanateolojia, alitia dibaji isiyo na jina, akisema hoja hizo si lazima ziwe za kweli. Mwaka 1609 Johannes Kepler, Mlutheri pia, alimtaja hadharani. Yaliyozungumzwa uso kwa uso yalizaa matunda; yaliyoandikwa kwa hofu hatimaye yalifunuliwa.