Shokapu za magari ya njia mbovu na ya theluji

Shokapu hutuliza mtikisiko wa springi gari linapopita kwenye mashimo na mawe. Springi ndiyo inayobeba uzito, lakini ikiachwa peke yake hudundadunda, tairi likaachana na ardhi na usukani ukakosa utii. Ndani ya shokapu, pistoni husukuma oili kwenye matundu membamba ya valvu, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto.

Joto hilo ni adui mkubwa. Katika Safari Rally, mashindano yaliyozaliwa Afrika Mashariki mwaka 1953, magari hupigwa na mawe na makorongo bila kupumzika. Oili ikipata joto na kufanya povu, shokapu hulegea kabisa. Suluhisho maridhawa lilitoka kwa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, aliyetumia gesi yenye shinikizo, iliyotengwa na oili, kuzuia povu. Bilstein ya Ujerumani iliieneza teknolojia hiyo miaka ya 1950. Shokapu nyingi za jangwani huongezewa kopo la nje ili oili iwe nyingi na ipoe upesi.

Strati ya MacPherson, iliyotumika kwenye Ford Consul mwaka 1950, ni shokapu inayoshikilia pia gurudumu. Ni nyepesi na ya gharama nafuu, ila Land Cruiser za kazi ngumu hazikuitegemea.

Kwenye gari la theluji, kila ski ya mbele ina shokapu yake, na nyingine hukaa ndani ya mkanda wa nyuma. Huko baridi huifanya oili kuwa nzito, hivyo huchaguliwa iliyo nyepesi.

Shokapu inayovuja oili ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili.