Kitatange wa Zanzibar: samaki anayetegemea matumbawe hai

Kitatange wa Zanzibar ni samaki mdogo wa rangi ya manjano anayeishi katika miamba ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Wanasayansi humwita Chaetodon zanzibarensis. Ni mmoja kati ya aina zipatazo 130 za jamii ambayo katika Kiswahili huitwa pia samaki kipepeo, kwa sababu ya rangi zao na jinsi wanavyozunguka tumbawe moja hadi jingine.

Uzuri huo umeifanya jamii hii ijulikane mbali sana na pwani. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul nchini Marekani, wanakoishi maelfu ya Wasomali, Wakenya na watu wengine wenye asili ya Afrika Mashariki, samaki wa bahari za joto hutazamwa nyuma ya vioo katika jengo la maduka la Mall of America, mjini Bloomington. Wapo pia wakazi wanaofuga samaki wa bahari nyumbani. Lakini anayetamani kumweka sebuleni kitatange mwenye jina la Zanzibar hana budi kujua kwanza anakula nini.

Umbo na jina

Samaki huyu hukua hadi kufikia urefu wa sentimita 12 hivi. Mwili wake ni bapa, mfano wa sahani iliyosimamishwa kwa ukingo, na umbo hilo humwezesha kugeuka ghafula na kupenya baina ya matawi ya matumbawe. Utepe mweusi unapita wima juu ya jicho, na doa jeusi liko sehemu ya juu ya ubavu, chini ya pezi la mgongoni. Dume na jike hawatofautiani kwa sura.

Inasemekana kwamba utepe huo hulificha jicho, hata samaki mkubwa anayewinda asitambue mara moja kichwa kiko upande gani. Ni maelezo yenye mantiki, ingawa si rahisi kuyathibitisha baharini.

Jina lake la kisayansi lilitolewa na Robert Lambert Playfair, aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar katika miaka ya 1860, enzi ya Sultan Majid bin Said. Playfair alikuwa mkusanyaji hodari wa samaki, na pamoja na Albert Günther wa Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London alitoa kitabu kuhusu samaki wa Zanzibar. Mwaka unaoambatanishwa na jina la kitatange huyu ni 1867. Hata hivyo si mali ya Zanzibar peke yake: anapatikana pia kwingineko katika pwani ya Afrika Mashariki, na katika visiwa vya Shelisheli, Madagaska, Mauritius na Chagos.

Meno kama nywele

Chaetodon ni neno lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya unywele na jingine jino. Meno ya samaki hawa ni membamba na yamesongamana kama nywele za brashi. Pono huguguna mwamba hadi akameza chokaa yenyewe; kitatange hana nguvu hizo. Yeye hudonoa.

Anachodonoa ni nyama ya tumbawe. Tumbawe, ambalo wengi hulidhania kuwa jiwe, ni koloni la wanyama wadogo laini waitwao polipi, kila mmoja akiwa amejijengea kikombe cha chokaa. Kitatange wa Zanzibar hudonoa polipi hapa na pale, kisha huhamia tawi jingine, na tumbawe kwa kawaida hupona. Polipi mmoja ni tonge dogo mno, kwa hiyo samaki walao matumbawe hutumia sehemu kubwa ya mchana wakila.

Hapendi kila tumbawe. Huonekana zaidi palipo na matumbawe yenye matawi ya jenasi Acropora, katika kina cha mita 3 hadi 40, akiwa na mwenzake au katika kikundi kidogo. Usiku hupumzika katika mianya ya mwamba.

Jenasi hii ina jambo moja la ajabu ambalo watazamaji wa vioo hawawezi kuliona. Kibofu cha hewa, ambacho kwa samaki wengi kazi yake kuu ni kumsaidia kuelea, kwa samaki hawa kimeungana na mfereji wa hisia unaopita kichwani na ubavuni. Watafiti wanaamini kwamba muungano huo huwasaidia kusikia sauti na mitikisiko ya maji.

Samaki kipepeo hutaga mayai yanayoelea, kwa kawaida jua linapokuchwa, na mkondo huyachukua. Kiluwiluwi anayetoka huwa na kichwa kilichofunikwa kwa mabamba ya mfupa, kama askari aliyevaa kofia ya chuma. Husafiri katika bahari kuu kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Samaki anayeonekana Mafia si lazima awe amezaliwa Mafia.

Maji ya Mississippi, chumvi ya dukani

Minneapolis na Saint Paul ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote, na katika usiku wa Januari baridi hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Maji ya mfereji katika miji hiyo hutoka mto Mississippi. Mfugaji wa samaki wa bahari huondoa kwanza dawa iliyotiwa kuua vijidudu, kisha hukoroga chumvi maalumu, gramu 35 hivi kwa kila lita, na kuyapasha maji joto hadi nyuzi 25 au zaidi kidogo.

Yote hayo yanawezekana. Kinachoshinda ni chakula. Samaki aliyezoea polipi hai mara nyingi hukataa chakula kikavu na hata kamba walioganda, akakonda na kufa njaa ndani ya maji safi. Kumtilia matumbawe hai ni gharama isiyo na mwisho. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu huwaacha walao matumbawe, wakachagua aina kama Chaetodon auriga, mwenye uzi mrefu kwenye pezi la mgongoni. Huyo naye ni mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki, lakini hula minyoo, wadudu wa maji na mwani, na huzoea chakula cha mkono wa mtu. Swali la kumuuliza muuzaji, basi, ni samaki huyu anakula nini leo, na kama inawezekana aonyeshwe akila.

Bahari inapopata homa

Katika orodha ya kimataifa ya IUCN, kitatange wa Zanzibar amewekwa miongoni mwa viumbe ambao hali yao haitishi sana. Chakula chake kina hali nyingine. Maji yakizidi joto la kawaida kwa wiki kadhaa, tumbawe hupoteza mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kulilisha, likapauka na kuwa jeupe. Joto lisipopungua, hufa. Acropora ni miongoni mwa yanayotangulia kufa.

Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Katika visiwa vya ndani vya Shelisheli zaidi ya asilimia 90 yalitoweka, na samaki wanaoyala wakapungua. Kupauka kulirudi mwaka 2016 na tena mwaka 2024. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na David Obura wa taasisi ya CORDIO Afrika Mashariki, yenye makao Mombasa, walionya kwamba miamba yote ya eneo hilo imo hatarini kuporomoka katika muda wa miaka 50.

Uvuvi wa baruti na nanga zinazotupwa ovyo huongeza hasara. Mahali kama Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, ambako uvuvi umepigwa marufuku tangu mwaka 1994, matumbawe yana nafasi zaidi ya kukua tena, ijapokuwa marufuku haizuii joto. Wapiga mbizi wanaokagua miamba duniani huwahesabu samaki kipepeo kama dalili mojawapo ya afya yake. Mwamba ukishakufa, mifupa ya matumbawe inaweza kusimama kwa miaka kadhaa na samaki wengine wakaendelea kujificha humo, lakini vitatange walao polipi huanza kupungua mapema.