Kapo Iliyouzia Marekani Darasa la Karata, na Risasi Zilizoipa Kiki

Jumapili usiku, Septemba 29, 1929, jijini Kansas City, Marekani. Kapo mbili za majirani zimekaa kwenye fleti zinacheza karata. Siku nzima walikuwa pamoja, wamecheza gofu, wamekula, wamecheka. Dau lao ni la kuchekesha: sehemu ya kumi ya senti kwa kila pointi. Hapo hata ukifungwa usiku kucha hufilisiki.

Mwenye nyumba, muuza manukato ambaye mambo yake yalikuwa safi, yuko timu moja na mkewe. Wanaahidi "shupaza nne". Mume anacheza, anashindwa. Mke anamtolea uvivu mbele ya wageni, anamwambia hajui kucheza. Mume anamzaba vibao, palepale, majirani wanatazama. Kisha anatangaza kwamba anahama usiku huohuo, akalale hotelini, na anaanza kupanga nguo. Dakika chache baadaye mke ameshika bastola ya mumewe, na mume amelala sakafuni. Amekufa.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1931. Wakili wa mke hakuwa mtu mdogo, alikuwa James A. Reed, seneta mstaafu. Upande wa utetezi ukasema bastola ilifyatuka kwa bahati mbaya. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Magazeti ya Marekani yalikula sana kupitia kesi hiyo, maana ilikuwa na kila kitu: pesa, ndoa, kibao, risasi. Na karata.

Lakini swali la maana hapa ni jingine. Mchezo gani huu unaoweza kuwafikisha huko watu wazima wanaocheza kwa sehemu ya senti?

Unaitwa briji. Unachezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, na wenza wanakaa wakitazamana. Karata 52 zinagawiwa zote, 13 kwa kila mmoja. Mmoja anatupa karata, wengine wanafuata aina ileile kama wanayo, mwenye kubwa anakula zote nne. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu analishika kwa dakika kumi.

Kasheshe iko kabla ya karata ya kwanza kutupwa. Hapo kuna mnada. Kila timu inatangaza itakula mara ngapi na turufu itakuwa ipi (turufu, neno ambalo Kiswahili kililichukua kwa Wareno pamoja na karata lenyewe, kopa na shupaza). Ukisema "shupaza nne", umeahidi kwamba shupaza, yale majani meusi yenye ncha, zikiwa ndiyo turufu, timu yenu itakula mara 10 kati ya 13. Mnada ukiisha, mmoja wa walioahidi anaweka karata zake wazi mezani na hana kazi tena. Mwenzake ndiye anacheza za kwake na za yule. Mkifikisha ahadi, pointi zenu. Mkipungukiwa hata mara moja, pointi zinakwenda kwa wapinzani.

Na wakati wote huo huruhusiwi kumwambia mwenzako una nini mkononi. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa, hakuna kukanyagana miguu chini ya meza. Kila unachotaka kumwambia lazima kipite kwenye maneno 15 tu: namba moja hadi saba, aina nne za karata, "bila turufu", "pasi", na mengine mawili ya kuongeza dau. Kwa hiyo kujifunza briji kwa sehemu kubwa ni kujifunza lugha. Mkeo akisema "kopa mbili" anakuomba uendelee au anakuomba uache? Kama hamkusoma darasa moja, kila mtu atakuwa na tafsiri yake, na lawama itaanza mara karata zikifunuliwa. Aliyewahi kukaa kijiweni kwenye karata za wawili kwa wawili anajua kelele za hapo.

Biashara ya kufundisha lugha hii ni ya zamani kuliko briji yenyewe. Miaka ya 1740 huko London, matajiri walikuwa wanacheza wisti, mama yake briji. Wisti haikuwa na mnada. Ulijaribu kusoma mawazo ya mwenzako kwa kuangalia karata anazotupa. Edmond Hoyle akaona mchongo: akawa anafundisha kwa malipo, na mwaka 1742 akatoa kijitabu cha mbinu kilichouzwa gini moja, bei ya wenye nazo hasa. Wezi wa kazi za watu hawakuchelewa. Nakala feki zikajaa mjini, Hoyle akalazimika kuweka sahihi kwenye nakala halali ili wateja wazitambue. Wasanii wa leo wanaolia na nyimbo zao kuibwa, jueni hamkuanza ninyi.

Sasa turuke hadi 1925. Wakati huo briji ilikuwa na upole fulani: ukiahidi kidogo ukala nyingi, zote zilikusogeza kwenye ushindi. Tajiri mmoja wa ukoo wa Vanderbilt, jina lake Harold, akiwa safarini kwa meli kupitia Mfereji wa Panama kwenda Havana, akawaomba abiria wenzake watatu wajaribu sheria mpya. Kuanzia sasa kinachokusogeza kwenye ushindi ni kile ulichoahidi tu. Meli hiyo pia ilikuwa na binti mmoja ambaye ndiye aliyewapa neno la kumwita mchezaji aliyekaribia kushinda na ambaye adhabu yake inakuwa kubwa zaidi: kwamba huyo yuko hatarini. Neno lake linatumika kwenye briji dunia nzima hadi leo. Jina lake halikuandikwa popote.

Sheria ya Vanderbilt iliua upole wote. Ghafla haikutosha kuwa na karata nzuri, ilibidi wewe na mwenzako mkubaliane kwa usahihi ni nzuri kiasi gani. Mchezo ukasambaa haraka kuliko watu walivyoweza kujifunza. Marekani yote ikawa na meza zenye watu wanne wanaotupiana maneno wasiyoyaelewa sawasawa. Meza ya Kansas City ilikuwa mojawapo.

Hapo ndipo inaingia kapo ya pili.

Ely Culbertson alizaliwa Romania mwaka 1891, baba Mmarekani, mama Mrusi. Alikuwa mcheza kamari, msomaji wa vitabu vingi, na mtu wa maneno. Josephine alikuwa tayari mwalimu wa briji mwenye jina New York walipofunga ndoa mwaka 1923. Hili liwekwe wazi kwa sababu mara nyingi linapitwa juu juu: mwalimu anayeheshimika kwenye ndoa ile alikuwa mke. Yeye ndiye aliyeketi na wanafunzi, alicheza kwa utulivu, na wanaume waliokuwa wakiamini mwanamke hawezi karata walimkuta mezani wakabadili wimbo. Ely alileta mdomo na mipango.

Oktoba 1929, mwezi uleule soko la hisa la New York lilipoporomoka, wakaanzisha jarida lao, The Bridge World. Watu walikuwa wameanza kukosa hela ya kutoka. Pakiti ya karata ilikuwa bei rahisi, majirani walikuwa bure. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chao, Contract Bridge Blue Book, kikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Ndani yake kulikuwa na hesabu ya kupima karata zako: A inahesabiwa moja, A na K za aina moja zinahesabiwa mbili, A na Q moja na nusu, K na Q moja. Ukiwa na mbili na nusu, fungua mnada. Kikubwa ni kwamba mwenzako amesoma ukurasa uleule, hivyo ukifungua anajua angalau una nini.

Na ile maiti ya Kansas City? Ely hakuiacha ipite. Aliitaja kesi ile kwenye mihadhara na kwenye jarida. Ujumbe wake kwa wanandoa ulikuwa huu: wale wangejifunza mfumo wangu, mume angekuwa hai. Ni kiki ya aina ya kutia aibu, lakini ilifanya kazi. Walionusurika mezani usiku ule hawakuweza hata kukumbuka vizuri nani alikuwa na karata zipi, na karata zilizochapishwa baadaye ziliungwa tu ili hadithi inoge.

Walimu wa zamani wakakasirika. Wakaungana na kutoa mfumo wao walioupa jina la "rasmi". Ely akalikuza bifu kwa makusudi: akamtaka Sidney Lenz, bingwa wa miaka 58 aliyeheshimiwa kuliko wote, wakutane mezani. Yeye angeweka dola 5,000 dhidi ya 1,000 za Lenz, na pesa ingekwenda kwa wahitaji. Mechi ikaanza Desemba 1931 katika hoteli za New York, ikaendelea hadi Januari 1932, na waandishi wa habari wakairipoti kama pambano la ngumi. Mwamuzi alikuwa luteni wa jeshi, Alfred Gruenther, ambaye miaka ya 1950 alikuja kuwa kamanda mkuu wa majeshi ya NATO Ulaya. Inawezekana kabisa NATO ilikuwa rahisi zaidi, maana Ely alikuwa anachelewa kufika na kuagiza nyama ya kuchoma akaila pale mezani, Lenz akikunja uso.

Kilichoamua mechi lakini ni wenza. Lenz alimchagua Oswald Jacoby, kijana aliyetimiza miaka 29 siku ya pili ya mechi, mmoja wa vichwa vikali kabisa. Jacoby alipenda kutangaza karata asizokuwa nazo ili kuwachanganya wapinzani. Shida ni kwamba alimchanganya na Lenz. Mzee akawa anamkosoa hadharani, kijana akavumilia, na baada ya raundi 103 kati ya 150 akabwaga manyanga mbele ya kila mtu. Wataalamu wawili, kila mmoja peke yake moto wa kuotea mbali, wameshindwa na kitu kilekile kilichowashinda wale wa Kansas City.

Upande wa pili Josephine alicheza sehemu kubwa ya raundi, kimya, bila drama, mumewe akifanya vituko vyake. Walishinda kwa pointi 8,980. Kwa mechi ndefu namna ile, wengi waliona kwamba tofauti hiyo ingeweza kuletwa na bahati ya karata tu, lakini umma haukutaka kusikia. Darasa la Culbertson likawa ndilo darasa. Walimu wenye vyeti vyao wakaenea miji yote, na mwaka 1933 Ely akatokea kwenye filamu fupi.

Kapo iliyowafundisha wanandoa wa Marekani kuelewana mezani iliachana mwaka 1938. Waliendelea kufanya biashara pamoja. Ely alifariki Desemba 1955, Josephine akafuata Machi 1956.

Mfumo wao ulikuwa umeshazikwa kabla yao. Mwanasheria Charles Goren, mwishoni mwa miaka ya 1940, alichukua hesabu nyepesi zaidi iliyokuwepo muda mrefu bila umaarufu akaifanya ya kila mtu: A pointi nne, K tatu, Q mbili, J moja. Hakuna nusu, hakuna mafumbo. Mwaka 1958 sura yake ikawa kwenye jalada la Time. Ukienda leo kujifunza briji, popote pale, somo la kwanza utakalopewa ni hiyo nne, tatu, mbili, moja, na la pili ni kutafuta mtu wa kukaa naye.